Kozi 27 ndani ya mihula minne: kisa cha mwanafunzi aliyehama chuo na kutaka muhula mmoja Ujerumani

Aliingia ofisini kwangu wiki ya pili ya muhula, Novemba 2023, na bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza, mtu aliyehama chuo anaruhusiwa kwenda kusoma nje muhula mmoja?"

Nikamwambia marahaba, anaruhusiwa. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia kitu. Kuruhusiwa ni mstari mmoja kwenye kanuni. Kilichotuchukua miezi kumi ni kujua kama ratiba yake ina tundu la kupitisha muhula mzima ugenini bila kumrudisha nyuma mwaka.

Jina lake sitalitaja, wala chuo chake cha kwanza, wala hiki cha Dodoma alichohamia. Mji wetu una vyuo vya kutosha mtu asihangaike kubahatisha. Inatosha kusema alikuwa binti anayeanza mwaka wa pili wa shahada ya jiografia na mazingira. Mwaka wa kwanza aliusoma Nyanda za Juu Kusini, akahamia huku kwa sababu mama yake, mkazi wa Kondoa, alikuwa ameanza kliniki ya mara kwa mara hapa mjini na hakukuwa na mwingine wa kumsindikiza. Sababu hiyo ya kuhama ilikuja kuwa na uzito wake baadaye, kwenye barua ya maombi.

Nafasi aliyoiona kwenye ubao wa matangazo ilikuwa ya mpango wa Erasmus+, ule wa Umoja wa Ulaya unaogharamia wanafunzi kusoma chuo kingine kwa miezi 2 hadi 12 na kurudi kumalizia shahada nyumbani. Ada ya chuo mwenyeji hailipwi. Mwanafunzi anabaki wa chuo chake, anajisajili kwao, analipa ada kwao. Mama yake alipoambiwa kwa simu alisema, "Mwanangu, juzi umehama chuo, leo unahama tena?" Nilicheka niliposimuliwa, lakini mama alikuwa ameligusa jambo lenyewe kuliko wengi wetu ofisini. Kwenye karatasi za mtaaluma, muhula wa nje ni uhamisho wa pili wa krediti. Na uhamisho wa kwanza ulikuwa haujapona.

Nilimwomba anioneshe alichokuja nacho. Ndani ya bahasha kulikuwa na transkripti ya chuo cha kwanza na barua ya chuo kipya ya kukubali krediti zake. Tukakaa na kalamu.

Shahada yake ina krediti 360, miaka mitatu, kwa ule utaratibu wetu wa krediti moja kuhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kwa programu yake ni kozi 36 za krediti 10 kila moja: 30 za lazima, 6 za hiari. Mwaka wa kwanza alifaulu kozi zote 12. Chuo kipya kilipokea 9. Hapo mtu wa kawaida anatoa 9 kwenye 36, anapata 27, anagawa kwa mihula minne iliyobaki, anaona kama saba kwa muhula. Chuo kinaruhusu saba. Basi, mambo safi.

Si safi. Katika zile 9, ni 5 tu zilizolingana na kozi za lazima za chuo kipya. Nyingine 4 hazikuwa na mwenzake kwenye orodha, kwa hiyo mtaaluma akazitupia kwenye safu ya kozi za hiari. Alifanya hivyo kwa wema, zisipotee. Lakini tazama kilichotokea: wenzake wa mwaka wa pili walikuwa wamebakiza za lazima 18 na za hiari 6. Yeye amebakiza za lazima 25 na za hiari 2.

Hapa ndipo kisa chote kilipo, kwa maoni yangu. Kozi ya hiari ndiyo sarafu ya kusafiria. Ukienda nje unaweza kusoma chochote kinachokaribiana, ukirudi kinaingia kwenye safu ya hiari bila ugomvi na idara. Kozi ya lazima inataka mwenzake halisi huko uendako, mada kwa mada, na mkuu wa idara akubali kuweka saini. Mwanafunzi aliyehama anakuwa ameshatumia sarafu zake zote getini wakati wa kuingia, na hakuna anayemwambia. Alishangilia kozi tisa kukubaliwa. Nami ningeshangilia.

Tukaendelea kuhesabu. Mwenzake wa darasani aliyekuwa naye kwenye tangazo lile alipanga kwenda muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, yaani Oktoba 2024 hadi Februari 2025, kipindi ambacho vyuo vya Ujerumani viko kwenye muhula wa baridi. Binti naye akaiga. Lakini muhula huo ulikuwa na kozi mbili zisizoweza kusomwa Ujerumani hata kwa dawa. Moja ni sheria za mazingira, ambayo msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hiyo ni sheria ya Tanzania, profesa wa Ujerumani aifundishe kwa lipi? Ya pili ilikuwa stadi za mawasiliano, kozi ya mwaka wa kwanza anayodaiwa, nayo hutolewa muhula wa kwanza tu. Ukizikosa Oktoba, unazisubiri Oktoba nyingine. Kozi mbili, mwaka mzima, na mkopo wa Bodi ya Mikopo unahesabiwa kwa miaka ya programu, kwa hiyo mwaka wa nne asingetegemea boom, ile hela ya kujikimu itokayo kwenye mkopo.

"Kwa hiyo haiwezekani," alisema. Hakuuliza, alisema.

Nikamwuliza zile kozi tatu zilizokataliwa zilikataliwa kwa nini. Hakujua. Barua ilisema tu "hazikuthibitika." Nikapiga simu ghorofa ya chini. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili za kupekua faili: hazikuwa na silabasi. Transkripti inaonesha jina la kozi na alama. Kamati ya kitivo inataka kuona kilichofundishwa, wiki kwa wiki, kikiwa na mhuri. Kwa tisa alikuwa amepata. Kwa tatu, aliyekuwa na ufunguo wa kabati siku ile hakuwepo, na yeye alikuwa anawahi basi.

Tatu zenyewe zilikuwa zipi? Stadi za mawasiliano, mitazamo ya maendeleo na utangulizi wa takwimu. Mitazamo ya maendeleo, ile DS ambayo kila aliyepita chuo kikuu nchini anaikumbuka, wakati huohuo alikuwa anaisoma upya. Alikuwa anakaa mstari wa nyuma na watoto wa mwaka wa kwanza, akisikiliza mhadhara alioupatia B+ mwaka mmoja kabla.

Dirisha la kubadili kozi lilikuwa linafungwa mwisho wa wiki ya nne. Alimtuma kwanza rafiki yake aliyebaki kule. Akaambiwa njoo kesho, kesho yake njoo keshokutwa. Mwisho akapanda basi mwenyewe pale stendi ya Nanenane, njia ya Mtera, akalala hosteli kwa rafiki. Ijumaa alirudi na silabasi tatu zenye mhuri, zimepigwa nakala mbilimbili kwenye steshenari. Nauli, nakala na chakula vilikula hela yake ya wiki tatu. Katika safari zote zilizofuata, pamoja na ile ya ndege, sijui kama kuna iliyokuwa na faida kuliko hiyo.

Maana kozi zote tatu zililingana na za lazima za hapa. Deni likashuka kutoka 27 hadi 24: za lazima 22, za hiari 2. Mihula minne ya kozi saba ni nafasi 28. Kutoka nafasi moja ya ziada tukawa na nne. Na stadi za mawasiliano, mojawapo ya vile visiki viwili, ikang'oka yenyewe.

Kisiki cha pili tuliking'oa siku tatu kabla ya dirisha kufungwa. Alijitoa DS, na kwenye nafasi ileile akajisajili sheria za mazingira, kozi ya mwaka wa tatu isiyo na kozi tangulizi. Mkuu wa idara alisita. Akauliza kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa pili, tena mgeni, arukie kozi ya wakubwa. Nilimwonesha karatasi ya hesabu. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Huyu anavuta mbele kilicho cha nyumbani ili cha kupeleka nje kibaki kinachosafiri." Sikuwa nimelisema vizuri hivyo mwenyewe. Akasaini.

Mpango ukawa hivi. Muhula ule, kozi saba. Unaofuata, saba tena, ambao ulikuwa mzito na alikonda. Ujerumani, kozi tano: tatu za lazima, yaani kuhisi kwa mbali (kuisoma ardhi kwa picha za satelaiti), ramani za kompyuta na hidrolojia ya maeneo makavu, pamoja na zile mbili za hiari zilizobaki. Akirudi, tano za kumalizia, na nafasi mbili tupu za kufidia kama moja ya hiari itaharibika kule. Jumla 24.

Kwa nini tano tu, wakati muhula kamili wa Ulaya ni krediti 30 za ECTS, ule mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, na idara yetu inazihesabu kama 60 za kwetu, sawa na kozi sita? Kwa sababu ya kanuni nyingine iliyolala ukurasa wa mbali wa kitabu cha taratibu: chuo chake kinataka angalau nusu ya krediti za shahada zisomwe kwake. Nusu ya 360 ni 180. Alikuja na 120. Tano za Ujerumani zinafanya 170. Angeongeza ya sita angefika 180 kamili, juu ya mstari wenyewe, na kozi moja ikibishaniwa baadaye shahada nzima inaingia kwenye mjadala. Mwanafunzi ambaye hakuhama haigusi kanuni hii maishani mwake. Ndiyo maana hakuna aliyemkumbusha.

Kuhusu ulinganisho wa krediti, kuna mtego ambao wanafunzi wajanja huuona wakadhani ni neema. ECTS moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Krediti yetu ni saa 10. Kwa hesabu ya saa, ECTS 30 ni kama krediti 75 hadi 90 za hapa. Binti alinijia na hesabu hiyo akiwa anang'aa: "Mwalimu, si inamaanisha nikisoma nne ni kama tano na ushee?" Nilimwambia idara hulinganisha muhula kwa muhula, asilianzishe hilo kwenye kikao. Kamati ikianza kuhesabu saa itaanza pia kuhesabu mada.

Sasa barua ya maombi. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeuficha uhamisho kabisa. Ilisomeka kana kwamba amezaliwa chuoni hapa. Nikamwuliza anaona aibu gani. Akasema watu wakisikia umehama hudhani umedisko, yaani umefukuzwa kwa kufeli. Kwa kweli wapo wanaodhani hivyo. Lakini transkripti zingekuwa mbili, na msomaji wa Ujerumani akikuta transkripti ya chuo ambacho barua haikitaji, atajaza pengo kwa mawazo yake mwenyewe.

Tena kulikuwa na shida ya GPA, ule wastani wa alama. Tangazo lilitaka angalau 3.5. Krediti zilizohamishwa ziliingia kwenye mfumo wa chuo kipya bila alama, kama inavyofanyika kwingi, kwa hiyo kwenye kompyuta ya hapa binti hakuwa na GPA hata ya sifuri. Palikuwa na kistari. GPA yake ya 4.1 ilikuwa kule alikotoka. Mfumo wa kuchuja ungemtupa nje kabla jicho la mtu halijamwona. Tulimwandikia mratibu barua ya aya mbili kueleza, transkripti zote mbili zikabandikwa, na matokeo ya muhula wa kwanza hapa yalipotoka Machi tukayapeleka siku hiyohiyo.

Rasimu ya mwisho iliutaja uhamisho kwenye aya ya pili kwa sentensi mbili: mama anaumwa, nimehamia karibu naye. Aya ya tatu ndiyo ilinifanya niamini atachaguliwa. Ilianza na Kondoa. Wanaoijua Kondoa wanayajua yale makorongo mekundu. Serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika zaidi. Babu yake alikuwa mmoja wa walioswaga ng'ombe kuwatoa. Binti aliandika kwamba satelaiti ya kwanza ya Landsat, zile zinazopiga picha uso wa dunia, ilirushwa mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya HADO, na tangu 2008 picha hizo ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo mmomonyoko wa kwao una albamu ya picha ya zaidi ya miaka 50, na yeye anataka kujifunza kuisoma. Kozi mbili kati ya tano alizoomba ndizo zinazofundisha hilo.

Alichaguliwa mwezi Mei.

Fedha nitazipitia haraka, kwa kuwa hazikuwa tatizo la uhamisho. Ruzuku yake ilikuwa euro 850 kwa mwezi. Kipimo cha Ujerumani cha fedha za kujikimu kwa mwanafunzi kilikuwa euro 934 kwa mwezi tulipoanza kupanga, na kuanzia Septemba 2024 kikapanda hadi 992. Pengo la 84 likawa 142 kwa kupepesa macho. Kwa miezi mitano ni euro 710, na baba mdogo wa Dar es Salaam alikubali kulibeba kwa barua na taarifa ya benki. Huyo baba mdogo ndiye aliyempokea pia siku ya miadi ya viza, maana balozi nyingi bado ziko Dar. Agosti ile treni ya SGR ndiyo kwanza imefika Dodoma. Alilipa shilingi 31,000 kila upande, akaenda na kurudi bila kulala njiani, akaniambia kwamba mama aliisifu treni kuliko viza.

Mafunzo kwa vitendo, wiki nane za likizo ndefu, aliyafanya hapahapa mjini kabla ya kuondoka. Awali aliuliza kama angeweza kuyafanyia Ulaya kwa mpango huohuo. Wiki nane ni siku 56. Mpango unataka miezi miwili. Siku nne zilizopungua zikaufunga mlango huo, na kusema kweli nilishukuru, kwa kuwa palikuwa na vitu vingi mno hewani.

Boom ilitusumbua zaidi. Boom husainiwa na mwenyewe, na mwenyewe angekuwa Ujerumani. Jibu la mdomo la dirishani lilikuwa "utasaini ukirudi, hamna shida." Nilimwambia asiondoke na hamna shida. Alipeleka barua, akarudishiwa nakala yenye tarehe na jina la aliyeipokea. Ada ya muhula ule ililipwa. Hela ya kujikimu ilichelewa hadi aliporudi, kama alivyoambiwa, ila kwa kuwa alijua mapema hakuipangia matumizi.

Mkataba wa masomo, ile karatasi yenye saini tatu, ya mwanafunzi, ya chuo kinachotuma na ya chuo kinachopokea, ulibadilishwa mara moja tu. Hidrolojia ya maeneo makavu ilifutwa kule wiki ya kwanza kwa kukosa mwalimu. Aliniandikia saa nne usiku kwa saa zetu. Tulikuwa na mbadala tuliyokuwa tumeshaulizia kwa mkuu wa idara tangu Juni: kozi ya usimamizi wa mabonde ya mito, mada saba kati ya kumi zikifanana. Saini mpya zilipatikana ndani ya siku sita. Kama tungeanza kuomba ridhaa siku ile, Desemba ingetukuta bado.

Kuna nililokosea, nalo naliweka hapa. Sikumwuliza mapema nani atamsindikiza mama kliniki akiwa hayupo. Nililiona kama jambo la kwao. Mwezi Novemba mama alikosa miadi miwili, na binti nusura akate tiketi ya kurudi. Shangazi yake akaja kutoka Kondoa kukaa na mgonjwa hadi Februari. Kama sababu ya mtu kuhama ilikuwa mama yake, sababu hiyo haikwenda likizo kwa kuwa yeye ameenda Ulaya, na ilistahili mstari wake kwenye karatasi yetu ya hesabu.

Alirudi mwisho wa Februari 2025, akakuta muhula wa pili unaanza. Matokeo ya Ujerumani yalifika Mei. Asubuhi hiyo karani wa mitihani, mama mtu mzima mwenye roho nzuri, alipanda ngazi mwenyewe hadi ofisini kwangu, karatasi mkononi, uso umemshuka.

"Mwalimu, huyu mtoto wako vipi? Tumemtuma hadi Ulaya, anatuletea moja nukta saba, moja nukta tatu, mbili nukta sifuri. Kafeli vyote?"

Nikamwambia akae kwanza. Kwetu 5.0 ndiyo kilele. Kwa Wajerumani kilele ni 1.0, 4.0 ndiyo ya kufaulia, na 5.0 ni kufeli. Jedwali la kubadilishia alama tulikuwa tumelisainisha kabla binti hajaondoka, lilikuwa kwenye faili, karatasi ya mwisho kabisa. Tulilitoa tukalipitia pamoja, kozi kwa kozi, kidole juu ya mstari. Alipofika kwenye ya kuhisi kwa mbali, ile ya 1.3, akavua miwani.

"Kumbe hii ni A?"

"Ni A, mama."

Akaandika A, akaomba nimpigie nakala ya jedwali akaibandike ukutani kwake.